Kanazawa: mlale stesheni au Korinbo? Na zawadi za mkono zinunuliwe wapi?

MwanaYadi
Wadau habari zenu. Mwezi wa kumi nna safari ya Nagoya kuangalia magari, kazi ikiisha zinabaki siku tatu na mke wangu atakuwa ameshafika, tumekubaliana Tokyo na Kyoto tuziache tuende Kanazawa maana kila mtu anatuambia ndo mji wa mafundi. Nimekwama sehemu mbili. Hoteli tuchukue pale stesheni au katikati wanapoita Korinbo? Na zawadi tununue wapi tusije tukabeba vitu vya kiwandani tukijua ni vya mkono? Bajeti ya zawadi ni yen 40,000 hivi, kuna mama mzazi, mama mkwe na mashemeji wawili. Mliofika huko naombeni msaada.

Mwanafunzi_Ishikawa
Karibu sana mkuu, nimesoma huko miaka mitatu. Kwanza jua njia, tangu Machi 2024 shinkansen (treni ya mwendo kasi) ya Hokuriku ilivyofika Tsuruga, treni ya Shirasagi ya kutoka Nagoya inaishia hapohapo Tsuruga, mnashuka mnapanda ghorofani kwenye shinkansen mpaka Kanazawa. Sio kazi kubwa ila kwa masanduku makubwa tumieni takkyubin, yaani huduma ya kutumiwa mizigo, unaliacha sanduku hotelini Nagoya unalikuta hoteli ya Kanazawa kesho yake, mimi nlikuwa nafanya hivyo kila likizo.

Hoteli mimi nasema Korinbo bila kusita. Bustani ya Kenrokuen, makumbusho ya sanaa ya karne ya 21, mtaa wa nyumba za samurai wa Nagamachi, vyote mnatembea kwa miguu, na jioni mtaa wa Katamachi upo mlangoni kwenu kwa chakula. Stesheni iko kama kilomita mbili, soko la samaki la Omicho liko katikati ya hiyo njia.

Zuhura_Mvita
Kaka Mwanafunzi samahani nakupinga kidogo. Mimi nlienda na mamangu ana miaka 68 na goti lamsumbua, tukalala stesheni na sijajuta. Kanazawa mvua haina adabu, wenyeji wana msemo wao kwamba hata ukisahau chakula chako cha mchana mwavuli usisahau, na pale stesheni kuna lile paa kubwa la vioo na geti la mbao la Tsuzumi, unashuka kwenye treni unafika hotelini hujalowa. Basi la kuzunguka mjini laanzia hapo, chukua tiketi ya siku nzima. Tena ndani ya stesheni kuna maduka ya Anto, zawadi za kula zote ziko pale, sisi tulinunua siku ya kuondoka tukaingia kwenye treni moja kwa moja.

Na usisahau kodi ya kulala, mji watoza yen 200 kwa mtu kwa usiku kwa vyumba vya kawaida, yapanda 500 ukilala pa bei kubwa.

Mwanafunzi_Ishikawa
Kwa mtu mwenye goti hapo umesema kweli dada, nakubali. Anto nzuri kwa biskuti na chai, ila kwa vyombo vya mkono hapana, pale mtu ananunua ana haraka.

FundiMbao_Tanga
Wakuu mimi ni seremala, nlikwenda huko kwa mafunzo ya wiki sita, naomba niongee ya mafundi maana yananigusa. MwanaYadi ukiwa na hela ya kitu kimoja tu cha maana nunua chombo cha Wajima. Wajima ni mji wa kaskazini kwenye rasi ya Noto, wanatengeneza mabakuli ya mbao yanayopakwa utomvu wa mti wa urushi, kazi inapita hatua zaidi ya mia, ukingo na kitako vinavishwa kitambaa kwanza ndo chombo kisipasuke, halafu tabaka za chini zinachanganywa na unga wa udongo wa kwao uliochomwa, hapo ndo ugumu wake unapotoka. Nlishika bakuli moja nikaona aibu kwa meza zangu zote nlizowahi kupiga vanishi.

Sasa tarehe 1 Januari 2024 lile tetemeko la Noto likawapiga, mtaa wa soko la asubuhi ukaungua moto, karakana nyingi zikaanguka na mafundi wengine wakahama. Vitu vyao unavipata hapo Kanazawa katikati, kuna jengo la bidhaa za mkoa karibu na Kenrokuen wanaita Kanko Bussankan, na ghorofa za vyombo kwenye duka kubwa la Daiwa pale Korinbo. Uliza kabisa hiki kimetoka karakana ya nani, muuzaji mzuri atakwambia na atafurahi umeuliza. Langu la supu lilinigharimu yen 14,000, vijiti vya kulia utapata kwa elfu chache.

Na usiogope joto la Dar, urushi inakauka kwa unyevunyevu, wenyewe wanaiweka kwenye kabati lenye unyevu ndo ikauke, kwa hiyo hewa ya pwani haina shida nayo. Adui ni jua kali, maikrowevu na kukaa mbele ya esii.

Zuhura_Mvita
Maskini watu wa Wajima. Mamangu alilia kwa kuona picha za lile soko.

Kwa wanawake mimi nasema dhahabu. Karibu dhahabu yote ya kubandika ya Japani yatoka Kanazawa, wanaiponda mpaka unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ukipumua karibu inaruka. Nendeni Higashi Chaya, mtaa wa nyumba za chai wa mwaka 1820, kuna maduka ambayo mnabandika wenyewe kwenye kisahani au vijiti, chini ya saa moja mmemaliza. Mamangu alibandika kisanduku chake mwenyewe na sasa ndicho aweka pete ndani yake.

MwanaYadi
Asanteni sana jamani. Na vyombo vya kauri vya Kutani vipi? Mke wangu ameona picha anavitaka vile vya rangi nyingi.

BiRehema_Muscat
Mwanangu hapo kuwa makini. Kutani rangi zake tano ni kijani, njano, zambarau, buluu iliyokoza na nyekundu, na kipo cha kuchorwa kwa brashi na kipo cha kuchapwa, vyote vinaitwa Kutani. Mie nilinunua seti ya vikombe sita duka moja la watalii, nikafika nyumbani nikavipanga, vyote sita ua lile lile, nukta ile ile, hata kosa la rangi liko pahala pamoja. Niliumia kwa sababu nililipa bei ya mkono. Shika viwili vya aina moja uvitazame kwa pamoja, kisha pitisha kidole, rangi ya brashi imeinuka utaihisi. Na kama mnapenda kimya kimya, kuna vyombo vya Ohi, rangi ya asali iliyoungua, vya kunywea chai ya matcha, hivyo ni vya kufinyangwa kwa mkono bila gurudumu.

Pasipoti tembea nayo, ukifikisha yen 5,000 duka moja waweza kusamehewa kodi ya asilimia 10. Ila kuanzia 1 Novemba 2026 utaratibu unabadilika, utalipa kwanza kisha urudishiwe unapoondoka nchini.

MwanaYadi
Shikamoo Bi Rehema na asante. Nimeongea na mke wangu sasa hivi, tunalala Korinbo usiku mbili na wa mwisho stesheni ili asubuhi tusihangaike. Mama zetu wote wawili watapata bakuli la Wajima moja moja, hela itakayobaki mashemeji wagawane dhahabu ya Higashi Chaya, Kutani mke wangu anasema atalipia mwenyewe. Fundi, ile karakana ya bakuli lako kama unaikumbuka jina nitumie inbox, nataka niulizie hiyohiyo.

FundiMbao_Tanga
Muhuri wao uko chini ya kitako, jioni nalipiga picha nakutumia.