Acheni kurundika vigeu ovyo kwenye uchambuzi wa ubongo!

Wenzangu mnaochambua picha za MRI hapa Mombasa, nimeudhika wallahi.

Tunalinganisha unene wa gamba la ubongo, lile tabaka lake la nje, kati ya wagonjwa wa kifafa na watu wazima wa afya. Mkuu wa mradi, simtaji, ameamuru ujazo wa fuvu uingizwe kama kigeu cha kudhibiti, yaani kipimo kinachotiwa ili athari yake iondolewe kwenye ulinganisho, katika kila modeli ya takwimu, eti ndivyo watu wafanyavyo. Watu gani? Eneo la gamba na ujazo wake hufuata sana ukubwa wa kichwa. Huko sibishi: usipoudhibiti utaishia kulinganisha vichwa vya wanaume na vya wanawake. Lakini unene, ambao wastani wake ni kama milimita 2.5, una uhusiano hafifu mno na fuvu. Chapati pana si lazima iwe nene!

Kudhibiti umri nakubali, gamba hupungua unene mtu akizeeka. Jinsia nayo haya. Sasa wametia mpaka miaka aliyougua mtu na mara ngapi kifafa humshika kwa mwezi. Hao wa afya wote wana sifuri! Kigeu hicho kimebeba ugonjwa wenyewe, ukikidhibiti unafuta kile kile ulichokuja kukitafuta.

Linaloniuma zaidi ni mashine. Wagonjwa karibu wote walipigwa picha kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wale wa afya kwenye ya tesla 3. Nikiuliza naambiwa, "Tia mashine kwenye modeli, yaishe." Yataishaje, na mashine na ugonjwa vimeshikana hivyo? Tena anayetikisika ndani ya mashine, gamba lake huonekana jembamba kuliko lilivyo, na hakuna anayetaka kukagua ubora wa picha.

FreeSurfer, programu ya kupima ubongo kwenye picha, inatupa sehemu 68 za gamba, 34 kila upande. Kwa kizingiti cha 0.05 cha thamani ya p, yaani nafasi ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo, sehemu kama tatu hivi zitaonekana tofauti kwa bahati tu hata pasipo tofauti yoyote. Wao wanatia kigeu, wanatoa, wanatia kingine, mpaka thamani ya p ya sehemu fulani ishuke chini ya 0.05, kisha hiyo ndiyo inayoandikwa. Kuna akina mama walivuka feri ya Likoni alfajiri ili walale ndani ya mashine ile. Hii ndiyo heshima yao?

Nimedai orodha ya vigeu iandikwe na sababu zake kabla ya kugusa data, na matokeo ya modeli zote yaonyeshwe. Nimeambiwa mimi mjuaji. Kuna aliyewahi kuondoa jina lake kwenye makala kwa jambo kama hili? Aliandika nini kwa mkuu wake?