Hamira kwa kuku wa mayai: niongeze au niache?

Kuku_Lurambi: Wakuu, habari za jioni. Nina kuku wa mayai 200 hapa Lurambi, Kakamega, wana wiki 34. Walikuwa wananipa trei 6 kwa siku. Wiki ya tatu sasa naokota trei 4, na mengine ganda laini kama karatasi. Nilisikia hamira huongeza mayai, nikaanza kuwapa. Niongeze kiasi? Usingizi sina.

MamaTrei: Pole mwanangu. Ulichanja kideri? Mimi kilinimalizia banda zima, nikabaki na jogoo mmoja, naye hata kuwika aliacha.

Kuku_Lurambi: Mama, chanjo walipata. Swali ni hamira.

Fundi_Banda: Hamira gani, na kiasi gani? Chachu ya pombe iliyokaushwa ina protini na vitamini B, lakini kalisi ni kidogo mno, na ganda ni kalisi.

Kuku_Lurambi: Kiasi cha kawaida tu.

Fundi_Banda: Cha kawaida ni kijiko au debe?

Kuku_Lurambi: Haya. Ni machicha ya busaa, pombe yetu ya kienyeji, madebe mawili kila baada ya siku tatu. Mama mkwe ndiye mpishi. Na kabla hamjanirukia: hamira si imo humo humo? Ndiyo maana mashi, chakula chao cha dukani, nimepunguza nusu, gunia halishikiki siku hizi. Tena nimeshamlipa ya miezi miwili. Mkwe hadaiwi pesa.

Omwami_Mzaha: Kumbe mayai yanatoka bila koti kwa sababu wenyewe wamelewa!

Mlokole254: Pombe haijawahi kubariki boma lolote. Hata la kuku.

Fundi_Banda: Acheni utani. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, na kila ganda lina kama gramu 2 za kalisi. Ukikata mashi nusu, kalisi anaitoa mifupani mwake. Machicha mabichi ni maji na makapi ya mahindi na wimbi, hamira ni kidogo tu. Anajaza tumbo, halishwi. Yakilala siku mbili yanaota ukungu, na hapo kuna hatari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Rudisha mashi yote leo, chokaa ya kuku iwe kwenye chombo chake.

Mpelelezi_K: Mimi siamini. Akaunti ya juzi, banda halina picha, mkwe anauza machicha. Kesho tutaletewa namba ya kuagiza hamira.

Kuku_Lurambi: Ndugu, nauza nini na mayai yenyewe hayapo? Picha simu ikipata chaji.

Mpelelezi_K: Simu isiyo na chaji imeandika aya nzima.

MamaTrei: Hata kama ni uongo, mimi nauliza: hayo machicha nguruwe wanakula?

Kuku_Lurambi: Fundi, mashi nitarudisha. Lakini kesho madebe yanaletwa. Mama mkwe nimwambieje?

Fundi_Banda: La mkwe fungua uzi mwingine.