Krismasi ya Rombo: nimpe binti wangu uwezo gani wa siri?

Mwanamigomba
Wakuu, salaam. Naandika hadithi ya vijana na nimekwama mlangoni. Mhusika ni binti wa miaka 16, kamaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, anasubiri matokeo ya Januari. Anakaa Dar. Tarehe 22 Desemba familia nzima inapanda basi pale Mbezi kwenda kwa bibi, Rombo, Kilimanjaro. Ana uwezo ambao hata mama yake haujui.

Nina njia tatu, na kila nikiamka nabadili. Asikie yaliyo moyoni mwa watu. Au awe haonekani akitaka. Au awe na joto la mikono: akikasirika, viganja vinawaka kama pasi.

Sitaki majambazi wala kuokoa dunia. Nataka siku nne na nyumba yenye watu thelathini. Kipi kitamsumbua zaidi kukificha?

Fundi Redio
Kutoonekana toa leo hii. Desemba kwa bibi hakuna kijana anayekaa dakika kumi bila kutumwa. Kuni, maji, kahawa ya wazee, shika huyu mtoto. Akipotea kidogo tu jina lake linaitwa mpaka kwa jirani. Na usiku mnalala sita godoro moja. Asiyeonekana atakaliwa.

Mtoto wa Likoni
😂 Fundi kamaliza. Ila mkuu, hata hiyo ya kusikia mioyo ishachoka, kila mwandishi anayo. Halafu fikiria safari yenyewe. Basi limejaa, Mbezi mpaka Himo mchana kutwa, na kila abiria ana deni la sikukuu kichwani. Atashuka Segera akiwa hamnazo.

Fundi Redio
Mpandishe treni basi, ya Moshi ilirudi Desemba 2019. Mtu anapata usingizi, na aliyelala hana mawazo mengi.

Shangazi wa Mkuu
Mwanangu Mwanamigomba, mimi ni mmoja wa hao mashangazi mnaotuandika vibaya kila siku, kwa hiyo nisikilize. (Likoni, Mkuu ni mji wetu Rombo, usidhani najipa cheo.) Mpe kusikia. Wewe unadhani watu wanapanda huko Desemba kula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, tu? Ubatizo, kipaimara, harusi, vyote vinabanwa wiki hizo mbili kwa sababu ndipo ukoo upo. Na kikao cha ukoo pia. Mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), nani hakuchangia msiba, nani kauza miti ya marehemu. Wanapokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wanacheka, na moyoni kila mtu ana hesabu zake.

Sasa chukua jani la sale. Kwetu Wachaga mtu akikujia na sale kuomba radhi, kukataa ni aibu kubwa. Baba mdogo anakuja nalo, wanawake wanafuta machozi, na binti peke yake anasikia kwamba mzee anachotaka ni saini ya shamba. Atamwambia nani? Na atasema kajuaje?

Mwanamigomba
Shangazi, shikamoo. Nimesimama kutoka kwenye kiti.

Mjukuu wa Mama Pima
Marahaba yake nampokelea mimi 😅. Hiyo ya sale ni kali, nakubali. Lakini mimi nasimama na joto, na sababu ni mbege. Bibi yangu alikuwa anapika ya kuuza. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinageuka nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, ndipo unakuja uji wa ulezi uliooteshwa na gome la msesewe la kutia uchungu. Bibi hakuwa na saa wala kipimajoto. Alikuwa anainamia pipa, anafumba macho, ananusa, anasema "kesho mchana". Na kesho mchana ndiyo hivyo.

Sasa binti katumwa kukoroga, kagombezwa na mtu, kashika pipa kwa hasira. Mbege ya Krismasi imeiva tarehe 23, ya 25 itakuwa siki. Bibi hatauliza ni kwa nini. Atauliza ni nani. Uwezo mdogo namna hiyo ndio unaoumbua.

Mtoto wa Likoni
Desemba Moshi kwenyewe kunachemka, nani atajua kwamba ni mikono yake?

Mjukuu wa Mama Pima
Moshi mjini ndiyo. Rombo ya juu usiku unatafuta blanketi. Hata watoto watagundua, watagombania kulala naye.

Kalamu Mbili
Mnacheka, lakini kuna kitu mnakiruka. Kijana wa kwenye filamu za Marekani akigundua ana uwezo anajishonea vazi. Kwetu atapelekwa kwenye maombezi. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na tafsiri yake ya uchawi inagusa hata mtu anayedai tu kuwa na nguvu za siri. Binti wako akisema tu anao, yuko upande mbaya wa sheria kabla hajafanya lolote.

Binamu yangu ana kifafa. Krismasi moja alianguka jikoni mbele ya wageni, na kabla hajazinduka vizuri walishamkalisha kati na kumwekea mikono. Dawa zake zilifichwa siku tatu ili "imani isichanganywe". Alikuwa na miaka 15. Mpaka leo Desemba ikifika anasema ana zamu kazini. Kwa hiyo mimi siulizi uwezo gani unafichika. Nauliza ni nani ndani ya ile nyumba atauona na asipige kelele.

Shangazi wa Mkuu
Pole kwa binamu yako. Mtu huyo yupo, ni bibi. Mwanamke aliyepika mbege miaka arobaini hashtuki kwa mikono ya moto.

Fundi Redio
Nabadili kura. Joto.

Mwanamigomba
Joto, basi. Ila Shangazi, jani la sale naliiba. Binti hasikii mioyo; alimsikia baba mdogo kwa masikio yake, nyuma ya migomba, akiongea na mnunuzi kwenye simu. Jioni baba mdogo anaingia na sale mkononi, jani bichi kabisa. Likinyauka mbele ya ukoo mzima, wazee watajua waliokufa wamekataa.

Mtoto wa Likoni
Subiri kwanza. Sale analeta baba mdogo, anapokea bibi. Binti linamfikiaje?

Mwanamigomba
Bibi miguu inamuuma, hawezi kuinuka. Anamgeukia mjukuu wake, anamtazama mikononi kidogo, halafu anasema, "Nipokelee."