TV imepigwa na umeme mkubwa: nibadilishe fyuzi au niweke bodi ya mtumba?

Ngosha43: Wakuu salamu. Juzi usiku umeme ulipanda ghafla, taa zikang'aa kama za uwanja wa mpira, TV ikalia "pa!" picha ikapotea. Fundi wa kwanza anataka elfu 25 abadilishe fyuzi na kidude kimoja. Wa pili anataka elfu 80 aweke bodi ya pawa ya mtumba. Nimshike yupi?

FundiKipara: Mkuu, umeleta mgonjwa bila kadi ya kliniki. TV inchi ngapi? Umeme ulipanda kwa muda gani? Majirani je?

Ngosha43: Inchi 43. Muda sijui, nilikuwa naoga. Majirani wawili friji zimeungua.

FundiKipara: Hapo nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ilikatika. Ikikatika, nyumba za fezi (nyaya za moto) tofauti zinagawana volti 400, na mwenye mzigo mdogo ndiye anabebeshwa nyingi. Kidude hicho bila shaka ni varista, kinachomeza umeme ukipanda. Ikipasuka pamoja na fyuzi, mara nyingi imekufa ikiilinda bodi. Ila muulize fundi kapasita kubwa, lile kopo linalotunza umeme, imeandikwa volti ngapi. Umeme wa ukutani (AC) wa volti 230 ukinyooshwa ndani ya TV unakuwa kama 325 DC. Ikipanda 350 unakaribia 495, na kapasita nyingi za hapo ni za 400 au 450.

PendoWaTanga: Usibadilishe fyuzi tu kaka! Sabufa yangu ilipigwa hivyo hivyo, fundi akaweka fyuzi, ikaimba mwezi mzima nikamsifia mtaa mzima. Kumbe kapasita ilishaanza kuvimba kichwa. Siku ya kitchen party ya mdogo wangu, katikati ya taarabu, ikapasuka! Harufu ya samaki aliyelala, na vipande vya karatasi hadi kwenye sinia la pilau. Mama mkwe bado ananikumbusha.

Mtoto_wa_Kwembe: Na hiyo bodi ya mtumba, nani anajua ilishapigwa mara ngapi huko ilikotoka? Varista huchoka kila inapomeza umeme, kwa nje unaiona nzima. Mimi ningeweka varista na kapasita mpya kwenye bodi yake mwenyewe.

PendoWaTanga: Sawa, ila hao mafundi wanaweka kapasita walizong'oa kwenye bodi mbovu.

FundiKipara: Si wote dada.

Babu_Volti: Nunueni stebilaiza muache kelele.

Mtoto_wa_Kwembe: Babu, nyutro ikikatika stebilaiza inaungua ya kwanza. Bora gadi ya friji, umeme ukipanda inaukata kabisa.

Babu_Volti: Yangu ina miaka kumi.

Mtoto_wa_Kwembe: Kwako nyutro imewahi kukatika?

Ngosha43: Wakuu, nilisahau. Taa nyekundu ya TV bado inawaka, na sauti inatoka. Picha ndiyo haipo.

FundiKipara: Taa inawaka?! Mkuu, basi fyuzi ni nzima! Huyo wa elfu 25 anabadilisha nini? Mulika kioo kwa tochi gizani, utuambie kama unaona picha kwa mbali; ukiiona, huenda ni taa za nyuma ya kioo ndizo zimekufa.

PendoWaTanga: Hiyo gadi inauzwaje siku hizi?