Damu na moto wa kubandika vinaua muvi zetu, na msisingizie bajeti

Wakuu, nimechoka na leo nasema. Juzi nimelipia muvi ya Kibongo kwenye simu, pesa yangu halali, muvi iliyotangazwa kila kona na yenye waigizaji wanaojua kazi. Mwanzo safi kabisa: sauti inasikika, nyumba imepangika, maneno ni ya watu kweli. Ikafika sini mume anachoma gari la mgoni wake usiku. Moto ukabandikwa kwa kompyuta. Gari linawaka lote, miali imepita paa, lakini uso wa jamaa aliyesimama pembeni uko gizani vilevile kama kabla ya kiberiti. Hakuna mwanga shavuni, hakuna kivuli kinachocheza ukutani, rangi ya gari haijababuka hata kidogo. Kamera iliposogea kushoto, gari likasogea, moto ukabaki ulipokuwa. Nikazima.

Msiniambie hela. Mtu mmoja angeshika taa yenye karatasi ya rangi ya chungwa, mwingine apitishe kipande cha boksi mbele yake ili mwanga ucheze, uso wa mwigizaji ungewaka na sisi tungeamini gari linaungua hata bila kulionyesha. Badala yake mtu kapakua miali ya bure mtandaoni, kaibandika, kazi imeisha.

Damu ndiyo imenichosha zaidi. Panga linampata mtu begani, matone mekundu yanaruka hewani halafu yanapotea, hayatui popote. Shati jeupe linabaki jeupe pee! Damu inaloanisha nguo, inachuruzika hadi kiwiko, ikikaa inakuwa nyeusi. Na mwigizaji akiigusa ikamnata vidoleni, anashtuka mwenyewe. Ule mshtuko hakuna programu itakayouongeza baadaye. Sasa hivi tunawaona wanalia huku wameshika bega kavu, hawajui hata jeraha liko wapi, maana siku ya kushuti waliambiwa tu "lia, damu itawekwa".

Na vifaa vyenyewe ni vya duka la Mangi. Chemsha sukari na maji mpaka iwe shira, tia rangi nyekundu ya chakula, ongeza kakao kidogo ili iwe nzito na isionekane kama juisi. Nunua mashati mawili ya mtumba yanayofanana ili mkirudia shoti liwepo la akiba. Basi!

Nendeni hapo Kampala, mtaa wa Wakaliga, mkaone. Dairekta Isaac Nabwana alitoa muvi ya mapigano, Who Killed Captain Alex, mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa haizidi dola 200. Walianza na damu ya ng'ombe, mwigizaji akaugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula ndani ya kondomu inayopasuka kifuani. Bunduki zao anaziunda Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Ndiyo, helikopta na milipuko yao ni ya kompyuta na kila mtu anaona ni ya kubandika, lakini mbele yake kuna mtu anayeanguka kwelikweli, na nguo yake imelowa. Ndiyo maana dunia nzima inawatazama.

Kwenye risasi niko upande wa kompyuta, nisieleweke vibaya. Oktoba 2021 kule New Mexico, Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli wakati wa maandalizi ya sini ya filamu ya Rust. Mwako wa mtutu uwekwe baadaye, tena uwekwe siku zote. Lakini mwigizaji arushe mkono nyuma, flashi ipigwe upande ule, mtu apulize unga ukutani pale risasi inapotua. Sisi bastola inatoa moto, mkono umetulia kama umeshika rimoti.

Kompyuta yenyewe siichukii. Godzilla Minus One, muvi ya dubwana ya Japani, 2023, ilitengenezwa kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola milioni 15, hela ndogo sana kwa filamu ya aina ile, na Machi 2024 ikachukua Oscar ya efekti, yaani picha za kubuni kama hizo. Dairekta Takashi Yamazaki ndiye aliyesimamia efekti hizo mwenyewe. Akiwa nyuma ya kamera anajua dubwana litatokea wapi na mwanga utamwangukia nani. Kwetu edita anatupiwa mzigo lokesheni ikiwa imeshafungwa: "hapo weka moto, pale weka jini". Hakupewa shoti ya gari peke yake ya kubandikia moto, wala hakuulizwa kama kamera itulie. Anapewa siku mbili na ujira kiduchu, halafu muvi ikichekwa lawama zote ni zake. Mimi simlaumu edita.

Namlaumu aliyekuwa na hela ya kukodi gari la kifahari kwa ajili ya bango akakosa ya kilo mbili za sukari. Prodyuza mliomo humu, nataka jibu moja tu: kabla ya siku ya kushuti, nani alimuuliza dairekta huo moto utaangaza nini? Kama hakuna aliyeuliza, semeni hakuna.