Mtafsiri anyamaze mwanzo wa picha ya kutisha, au aendelee kusema?

Mkaa Shangani
Wakuu, tujadili bila matusi. Jumamosi niliingia kibanda umiza kimoja cha kuonyesha video hapa Mtwara mjini, wameweka Jaws iliyotafsiriwa, mtafsiri anasema juu ya picha, ile ya papa. Mnaikumbuka ilivyoanza? Vijana wako ufukweni usiku na moto wao, binti anachomoka, anavua nguo huku anakimbia, anajitosa. Aliyemfuata kalewa, kalala mchangani. Maji kimya. Kamera inazama, tunamwona binti kutokea chini, miguu yake inapiga maji taratibu. Yaani tumekalishwa pale alipo papa! Papa mwenyewe huoni hata pezi. Ni noti mbili tu za muziki, zinakuja, zinakatika, zinarudi, zinakaza mwendo. Mwili umeshaanza kunisisimka, mtafsiri huyo: "Dada yetu hana dakika mbili huyu, analiwa!" Kibanda kizima kicheko. Mimi nasema watafsiri wapigwe marufuku kusema dakika tano za mwanzo.

Sabufa la Ligula
Marufuku aiweke nani, halmashauri? Ila hoja unayo. Zile noti ni za chini kabisa, zinataka spika nzima. Vibanda vyetu sabufa imepasuka, genereta linanguruma nyuma ya bati. Halafu mtafsiri anaporekodi anashusha sauti ya picha ili asikike yeye. Muziki unakufa kabla ya binti.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Naomba nimtetee mtafsiri kidogo. Mzee Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za kutisha, alikuwa na mfano wake wa bomu chini ya meza. Likilipuka hatujui lipo, tunashtuka mara moja, basi. Tukijua lipo, na wale mezani wanapiga soga tu, tunateseka robo saa nzima. Mtafsiri akisema "analiwa" ametuonyesha bomu. Kosa lake ni kuchekesha, kusema si kosa. Halafu tuambiane ukweli, nusu ya kibanda hicho ni watu wa Newala walioshuka na hela za korosho. Bahari kwao hadithi, papa watamwogopea wapi?

Mtu wa Kitangari
Mwalimu shikamoo, lakini hapo umetuvunjia heshima. Hofu ufundishwe na Lindi? Mapiko, ngoma yetu Wamakonde ya vinyago, umewahi kuyaona au unayasikia? Ngoma zinalia, watu wanaimba, lipiko, yule mvaa kinyago, hatoki. Zinanyamaza, zinaanza tena, unaambiwa yuko njiani, hatoki. Watoto wameshajificha kwenye kanga za mama zao kitambo. Akija kutokea na ule uso wa mti, uwanja hauna mtu mdogo. Mambo ya kumficha papa wazee wetu waliyamaliza bila kamera. Na nyie mnaojisifu bahari, wangapi mnavuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya Lindi, jioni yenye upepo bila kung'ang'ania ukingo wa boti?

Binti Mikindani
😂😂 Mwalimu, hilo la Kitunda lijibu.
Mimi nilikuwepo siku hiyo na nilicheka. Papa kwetu kitoweo, mkavu, tui zito, na ugali. Unitishe na mboga?

Mkaa Shangani
Jamani, mada ni mtafsiri.

Bajaji Namba Saba
Ila yule papa alikuwa wa kweli eti, walimfuga. Picha ya 79 ile, teknolojia ya kutengeneza hawakuwa nayo.

Sabufa la Ligula
1975, kaka. Na papa alikuwa mashine, wakamwita Bruce, jina la wakili wa Spielberg, mwongozaji wa picha hiyo. Maji ya chumvi yakawa yanamharibu kila mara, ndiyo maana Spielberg akalazimika kumficha sehemu kubwa ya picha. Angekuwa mzima tungemwona tangu mwanzo na mjadala huu usingekuwepo.

Bajaji Namba Saba
Kuna vipande vya papa wa kweli mle, vilipigwa Australia. Bisha.

Sabufa la Ligula
Vipo, sibishi. Lakini tunaongelea mwanzo! Pale hakuna papa wa mashine wala wa damu. Yule dada alikuwa anavutwa na kamba huku na kule. Na huo usiku mnaousifia ulipigwa mchana, wakautia giza.

Bajaji Namba Saba
Hata usiku wa uongo? Nilishindwa kulala bure siku ile.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Marahaba wa Kitangari. Kijana, mimi Kitunda nimeanza kuvuka hujazaliwa, kwa kasia, hakuna injini. Na mapiko nimeyaona, usinifundishe. Sikusema watu wa Newala waoga, nilisema bahari hawaijui. Soma kwanza ndipo ukasirike.

Mtu wa Kitangari
Ulisema "hadithi", Mwalimu. Limeandikwa hapo juu.

Mkaa Shangani
Haya, napunguza. Dakika tano ziwe moja. Binti akishaingia majini mtafsiri anyamaze mpaka avutwe mara ya kwanza, baada ya hapo apige kelele anavyotaka. Hilo nalo kubwa?

Binti Mikindani
Lile boya je? Anapolikumbatia na kengele yake inalia, ukadhani kapona. Pale ndipo pa kunyamaza, mwanzoni mwacheni aseme. Mtafsiri wa siku ile palepale kwenye boya alikuwa anatangaza namba yake ya kuagizia CD.

Sabufa la Ligula
😂 Huyo namjua. Hata kwenye picha ya mazishi anaitaja.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Na kwa taarifa yako wa Kitangari, miaka hiyo boti ilikuwa inajaa mpaka maji yanagusa mbao, na tulivuka.

Binti Mikindani
Mwalimu, uliulizwa kama unashika ukingo au hushiki.