Nimemuahidi mteja trauti na nipo Mwanza, nitokeje hapa?

Dereva wa Nyegezi
Wakuu, heshima kwenu. Natembeza wageni, gari ni yangu mwenyewe. Kuna Mmarekani mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu, anakuja mwezi ujao na mkewe. Serengeti siku nne, Mwanza siku tatu. Kwenye meseji aliniuliza kama huku kwetu kuna mto wa mlimani wa kuvua trauti. Nilikuwa barabarani, nikasoma juu juu, nikaona neno kuvua, nikajibu: ondoa shaka, Mwanza ndiko nyumbani kwa samaki. Akafurahi, akatuma advansi ya siku zote tatu. Advansi yenyewe imeshageuka matairi mawili ya nyuma.

Jana kanirushia picha. Kasimama katikati ya mto kule Oregon, maji kiunoni, kavaa suruali ya mpira yenye kanda mabegani, kapakata samaki mrefu anayeng'aa kama sufuria mpya, ubavuni ana mstari wa waridi. Anamwita stilihedi. Anasema anamvua kwa nzi. Nzi gani tena? Akatuma picha nyingine: ndoano imefungwa manyoya ya zambarau kwa uzi, urefu kama kidole gumba.

Sasa naomba msaada. Trauti yupo ziwa hili? Kama hayupo nimpeleke wapi? Na namwambiaje bila kurudisha hela?

Kambale Mkavu
Nenda Kirumba mwaloni asubuhi, nunua sato mkubwa, mchore mstari wa waridi. Kesi imeisha.

Mzee wa Migonzo
Mwangaluka. Nimetega migonzo, ile mishipi mirefu ya ndoano nyingi, huku Ukerewe tangu sijaoa na sasa nina wajukuu. Nimetoa sangara, sato, hongwe, gogogo, mumi, domodomo, nembe, hadi kamongo aliyenikata kidole. Huyo trauti sijawahi kumuona wala kumsikia. Na hayo manyoya samaki anayala ya nini? Si angalau aweke kipande cha furu?

Fundi Mapezi
Mkuu Dereva, trauti ziwani hakuna, na hata ukimleta kwa ndege na kumwachia pale Capri Point hamalizi wiki. Ni samaki wa baridi. Anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi, yakipita 20 anaanza kuhema, na maji ya ziwa letu yanacheza kwenye 24 hadi 27 karibu mwaka mzima. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, basi.

Stilihedi ni trauti yule yule wa upinde wa mvua, ila huyu kaamua kusafiri. Anazaliwa mtoni, anakaa mwaka mmoja hadi mitatu, anashuka baharini Pasifiki kunenepa, halafu anarudi kuzaa kwenye mto aliozaliwa. Samoni wengi wa kule wakishazaa wanakufa hapo hapo. Stilihedi anaweza kushuka tena baharini na kurudi mwaka mwingine. Na usishangae mzee akikwambia kwamba akimkamata anamrudisha majini. Mito mingi ya kwao stilihedi wa asili haruhusiwi kuchukuliwa. Wa kufugwa wanatambulika kwa kile kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia, maana hukatwa wakiwa vifaranga kabla ya kuachiwa.

Mzee Migonzo, manyoya yale ni ya kudanganya macho. Wewe kwenye mshipi wako kile kizito cha risasi ndicho kinachovuta uzi uende mbali, si ndiyo? Kwake ni kinyume. Uzi wenyewe ndio mzito, mnene kama kamba ya kiatu, na nzi hana uzito wowote. Ndiyo maana utamwona anauchapa hewani mbele na nyuma kabla ya kuutua. Asimame mbali na watu wakati huo!

Mzee wa Migonzo
Anakamata halafu anarudisha. Sawa. Wa kupanda mtoni kuzaa hata sisi tunaye, ni ningu.

Fundi Mapezi
Hapo umegonga penyewe mzee wangu. Ningu anakaa ziwani, mvua zikishiba anapanda mito kuzaa kisha anarudi, yaani stilihedi wetu ambaye bahari yake ni Viktoria. Shida ni kwamba miaka mingi watu wanamtegea nyavu pale pale mdomoni mwa mto akiwa na mayai, sasa amebaki wa kutafuta. Ila Dereva usije ukamuuzia mgeni ningu kama samaki wa kuvua kwa nzi. Mdomo wake umeelekea chini, anakwangua mwani kwenye mawe, manyoya ya zambarau hana habari nayo. Anayeweza kugonga ni kuyu, huyo anakula wadudu na hata samaki wadogo.

Dereva wa Nyegezi
Asanteni. Lakini kama ni baridi, milima si ipo? Siwezi kumpeleka Mbeya?

Kulabu Mbili
Mito ya juu kule Mbeya, Kiwira ukiwemo, ilipandikizwa trauti enzi za Mwingereza. Lakini kutoka Mwanza hizo siku tatu zako zitaishia kwenye gari, kwenda na kurudi, fimbo ya kuvulia haijatoka kwenye mfuko. Usijaribu.

Wa Naro Moru
Jirani, trauti tuko naye huku kwetu Mlima Kenya na Aberdare. Waingereza walimleta mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakaanza na mto Gura. Leo yuko Sagana, Thego, Burguret na hapa kwetu Naro Moru. Maji ni barafu, ukiingiza mguu unasahau jina lako. Lazima ukate leseni, na mahali pengi ni nzi pekee, ukionekana na mnyoo utajieleza. Lakini huyo mzee wako wa Oregon ako na trauti mlangoni kwake. Kweli atoke huko kote aje avue samaki mdogo kuliko ule aliacha nyumbani? Mwonyeshe kitu hana.

Mama Ilemela
Kabla hamjamwingiza majini, mnakumbuka kichocho? Mzee kazoea kusimama mtoni maji kiunoni, atafika ufukweni penye majani na konokono, atavua viatu aingie. Mwambieni aje na suruali yake ya mpira, au bora zaidi avulie kwenye boti. Na hapo sijataja mamba.

Fundi Mapezi
Boti, nakubaliana na mama. Dereva, muulize fimbo yake ni namba ngapi, maana namba ikiwa kubwa inabeba uzi mzito na samaki mkubwa. Ya stilihedi kwa kawaida ni namba 7 au 8, na namba 8 inamtosha sangara wa kilo chache. Akikutana na baba yao wa kilo hamsini itakuwa habari nyingine, ila hadithi atakuwa nayo. Aongeze uzi wa kuzama na nzi wakubwa weupe wenye kung'aa, wafanane na dagaa. Waya au uzi mgumu mbele, maana sangara ana midomo ya msasa.

Ruhusa shughulikia mapema kwa afisa uvuvi, usingoje mgeni ashuke. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi, ulizia kwanza. Kama ana hela ya ziada, hifadhi ya kisiwa cha Rubondo wanapokea wavuvi wa mchezo. Sangara chini ya sentimita 50 anarudi majini kisheria, na hilo mzee wako atalipenda.

Mzee wa Migonzo
Saa ni kumi na moja alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Mchana huo uzi wa kuchapwa hewani utamrudia usoni. Mtafute sangara kwenye mawe yaliyozama, pale maji ya kijani yanapogeuka meusi ghafla. Ukiona dagaa wanaruka kama mchanga uliorushwa, yuko chini yao.

Kambale Mkavu
Na matairi je?

Dereva wa Nyegezi
Mrejesho wakuu. Usiku nimemwandikia ukweli wote: trauti hakuna, nilijibu bila kusoma, akitaka hela yake nitairudisha kwa awamu. Nikaweka picha ya sangara, nikamweleza na habari ya ningu. Sikulala vizuri.

Asubuhi kajibu kwa kirefu. Hela hata hajaigusia. Nusu ya meseji anauliza ningu: anapanda mto gani, mwezi gani, anaruka maporomoko? Nimemwambia kwa sasa mvua zimekatika, hapandi. Fimbo ni namba 8 kweli, na ameanza kufunga nzi wa dagaa. Anataka kuja na fimbo ya pili anifundishe mimi.

Mzee Migonzo, hayo mawe utanionyesha? Nataka niyajue kabla hajafika.

Mzee wa Migonzo
Njoo Jumamosi na kivuko cha asubuhi. Beba unga na mboga kabisa, maana kama samaki wote wanarudishwa majini, mimi sijui mchana tutakula nini.